Mkuu, weka hiyo pini chini kwanza!

Umesema filimbi yako ya bati inalia vizuri kama dakika kumi hivi, kisha sauti inakuwa kama ina mafua, na sasa unataka kuichokonoa mdomo kwa pini. USITHUBUTU. Mengine baadaye.

Yangu niliipata kwa binamu, kaitoa Uingereza. Bomba la shaba ya njano, kipulizio cha plastiki nyekundu, ufunguo wa D (yaani noti yake ya chini kabisa ni D). Hapa Tanga sikuona duka lenye nyingine. Ikaanza ugonjwa huohuo wa yako, nikampelekea jamaa mmoja wa Ngamiani anayejiita mwalimu wa muziki. Baadaye ndiyo nikajua anapiga gitaa la besi, tena nyuzi mbili tu. Akaichungulia kama daktari wa meno, akatamka: "Uchafu huo, kwangua." Kisu akaniazima yeye, na elfu tano ya ushauri akachukua.

Angalia kile kidirisha cha mraba juu ya kipulizio. Upande mmoja ukingo wake umechongwa mwembamba kama patasi. Pumzi ikitoka kwenye mfereji, ile njia nyembamba ya hewa ndani ya kipulizio, inapasukia pale, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Matundu sita ni ya kuchagua noti tu. Mimi nikapitisha kisu, nikasikia "tik", kikadondoka mezani kipande kidogo kuliko punje ya ufuta. Kwisha habari. Tangu siku hiyo inatoa hewa tu, kama baiskeli iliyopata pancha. Mke wangu alisema nyumba imetulia, lakini hayo hayakuhusu.

Na kumbe yalikuwa maji! Pumzi ina mvuke. Ukigusa plastiki yenye ubaridi unageuka matone, yanaziba mfereji. Dawa yake: funika kidirisha kwa kidole, taratibu, usiukandamize ule ukingo, halafu puliza kwa nguvu mara moja. Matone yanatoka. Au yafyonze, kama huna kinyaa. Kabla ya kupiga ibane kwapani ipate joto (nguo iwepo katikati, tafadhali). Ikizidi, pitisha maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwenye mfereji, uache yakauke yenyewe, matone hayatashikana tena. Uchafu wa kweli unaoshwa kwa maji ya vuguvugu. Ya kuchemka yanapinda plastiki. Na usipige ukiwa umetoka kijiweni na kashata mdomoni, sukari ndiyo inayoganda humo ndani.

Kwa hiyo: pini, sindano, kisu, waya wa spoku, HAKUNA chuma kinachoingia mle. Hata kama aliyekwambia ana digrii ya muziki. Hasa kama anadai elfu tano.

Uliuliza na mengine, sijui vidole? Ziba matundu kwa nyama ya kidole, siyo ncha. Kwa filimbi ya D kama yangu, yote sita yakizibwa ni noti ya D. Achia matatu ya chini, unapata G. Noti za juu ni vidole vilevile, pumzi ndiyo inaongezeka. Ikipiga kelele ya ajabu, mara nyingi tundu moja linavuja, hasa la kidole cha pete. Siyo uchafu! Usianze kutafuta pini tena.

Ile habari ya nyimbo za taarabu nitarudi jioni nikikumbuka. Hebu jibu kwanza: hiyo pini umeshaiingiza au bado?