Kabla hujasema kanisa kuu la St Andrews ni magofu tu

Msomaji mmoja kaniandikia kwa masikitiko. Alifika St Andrews, akakuta ukuta wa mashariki, kipande cha ukuta wa magharibi na majani katikati, akaondoka. Anauliza kama makanisa makuu ya kale ya Uskoti yanastahili nauli. Yanastahili, tena sana. Kosa ni kuanzia St Andrews. Anza Glasgow.

Sababu ni paa. Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya 1560, Uskoti ilipoachana na Kanisa Katoliki, jengo kubwa lisilo na usharika wa kulitumia lilikuwa mzigo. La Glasgow lilipata sharika tatu: mmoja ukumbi wa magharibi, mmoja upande wa mashariki, na mmoja kanisa la chini, penye kaburi la Mtakatifu Mungo, msimamizi wa mji huo. Zikajengwa kuta za kutenganisha ambazo leo tungeziita uharibifu. Lakini watu wanaosali mahali hawakubali pavuje, na ndiyo maana jengo lile la karne ya 13 bado limesimama. Shuka kanisa la chini bila haraka, utazame jinsi nguzo zilivyopangwa kulizunguka kaburi.

Sasa linganisha na kanisa kuu la Elgin, kaskazini mwa Uskoti, ambalo leo ni magofu. Watu wengi humlaumu Alexander Stewart, mwana wa mfalme, aliyelichoma mwaka 1390. Lawama hiyo si ya haki, maana baada ya moto ule lilijengwa tena. Kilicholiua ni kubanduliwa mabati ya madini ya risasi yaliyofunika paa lake, miaka michache baada ya 1560. Ukuta wa enzi zile si jiwe tupu. Ni kuta mbili za mawe ya kuchongwa, na katikati kumejazwa kokoto na chokaa. Paa likiondoka, mvua huingilia juu, husomba chokaa, kokoto hushuka na kuusukuma ukuta wa nje hadi utokeze tumbo. Kipupwe kikija, maji yaliyobaki ndani huganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Ufa mwembamba kama unywele hupanuka kila mwaka. Mnara wa kati wa Elgin ulikuja kuanguka 1711.

Ukishayajua hayo, rudi St Andrews. Simama ndani, utazame ukuta wa mashariki. Madirisha matatu ya chini yana vichwa vya nusu duara: hiyo ni kazi ya karne ya 12, ujenzi ulipoanza. Dirisha kubwa la juu lilitobolewa karne ya 15. Angalia kingo zake, utaona mabaki ya madirisha madogo ya awali yaliyokatwa ili lipate nafasi. Kisha geuka, uende magharibi ukifuata vitako vya nguzo kwenye majani. Huko matao yamechongoka, kwa sababu karne nzima imeshapita. Ukuta wa magharibi wa kwanza uliangushwa na dhoruba karne ya 13, wakajenga mwingine ndani zaidi na kanisa likawa fupi kuliko lilivyokusudiwa. Hata hivyo bado lina zaidi ya mita 100. Lilipowekwa wakfu mwaka 1318, mfalme Robert Bruce alikuwepo. Tembea urefu wote huo kwa miguu, usiridhike na picha ya mlangoni.

Kila utakapokwenda, chungulia viungo vya mawe. Ukikuta kiungo kimechomoza na jiwe limeliwa likarudi ndani, hapo fundi wa siku za karibuni alitumia saruji. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, ukalazimika kutokea kwenye jiwe la mchanga lenyewe na kulimomonyoa. Waliokarabati nyumba za mawe ya matumbawe Zanzibar na Lamu wanaujua ugonjwa huu. Inauma kuona jiwe lililovumilia miaka 700 likimalizwa na mkarabati.

Aberdeen, katika kanisa la Mtakatifu Machar, chukua darubini: dari ya mbao ya karibu 1520 ina ngao 48 katika safu tatu, na bila darubini utaona rangi tu. Makanisa yenye paa mengi yana ibada Jumapili asubuhi, hivyo panga kuyazuru mchana au siku nyingine. Magofu nayo huzungushiwa uzio mara kwa mara mawe ya juu yanapokaguliwa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kukata tiketi ya treni. Uzio huo usiuruke hata kwa picha moja.