Nilimwagia ukuta oili chafu kwa ajili ya nywele za Dante

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi alinitumia ujumbe mrefu. Pesa ya korosho imempa kompyuta inayobeba gemu kubwa, na la kwanza kuliweka ni Spider-Man. Kufungua tu, anamkuta Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe akivua kinyago, ana sura nyingine, si ile aliyoizoea kwenye PS4 ya jirani yake. Anasema alilala bila kula. Alichoniomba ni nimsaidie Kiingereza: ana ujumbe wa kumtumia mmoja wa waliotengeneza gemu hilo, na anataka matusi yamfike sawasawa.

Nimeusoma mara tatu. Kijana huyo ni mimi wa mwaka 2013.

Najua wengi mnaonisoma mnachora, mnajifunza kutengeneza wahusika, mnatamani siku moja majina yenu yapite mwishoni mwa gemu. Kwa hiyo hili nalisema kwenu kwanza.

Nimekulia Chikongola, Mtwara mjini. Banda letu la gemu lilikuwa na PS2 mbili na TV za chogo, pedi zimefungwa mpira. Wenzangu walikuja kucheza mpira. Mimi nilikaa kwenye benchi hadi watawanyike, nikatoa mia tano yangu, nikaweka Devil May Cry 3. Nywele nyeupe, koti jekundu, panga mgongoni, kijana anayewacheka mashetani usoni. Nyumbani miaka ile hapakukalika, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nilichokuwa nacho ni yale masaa ya jioni na huyo Dante.

Septemba 2010 Capcom, kampuni yenye gemu hilo, wakamwonyesha Dante mpya kule Tokyo. Kazi walikuwa wamewapa Ninja Theory, studio ya gemu ya Uingereza, na Dante wao alikuwa mwembamba, nywele fupi, nyeusi. Mashabiki wakawaka dunia nzima. Nami nikawaka nao, kwa bando la kuunga unga, nikimtukana kila aliyesema tusubiri gemu litoke kwanza.

Likatoka Januari 2013. Mwenye banda akanunua PS3 na akataka ukuta wake wa nje uchorwe. Kazi akampa rafiki yangu, tuliyekuwa tukimwita Msanii tangu shule ya msingi. Makubaliano yalikuwa shilingi elfu sitini, nusu mwanzo, nusu akimaliza. Msanii akamchora Dante mpya, kwa sababu ndilo gemu lililokuwa limeingia. Siku nne alisimama juani. Niwaambie ukweli ambao sikuusema wakati ule: ulikuwa mchoro mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona Mtwara. Macho yalikufuata ukivuka barabara.

Usiku wa siku ya nne nilikwenda gereji nikajaza kidumu cha lita tano oili chafu. Nikammwagia Dante kuanzia kichwani.

Mwaka ule mji wetu ulikuwa na jambo zito, bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Watu wazima walikuwa wakibishana misikitini, sokoni, kwenye vijiwe, na Mei mambo yakalipuka hadi askari wakajaa mitaani. Mimi katikati ya hayo nilikuwa na uchungu wa nywele. Naona aibu mpaka leo.

Mwenye banda hakulipa nusu iliyobaki. Alisema Msanii ana maadui na yeye hataki balaa kwenye biashara yake. Ile pesa ilikuwa ada ya mdogo wake Msanii. Miezi miwili baadaye rafiki yangu akapanda basi, akaenda Dar kubeba zege. Hakuniaga.

Sasa sikilizeni linaloniuma zaidi. Gemu lenyewe nilikuwa sijalicheza. Nililicheza miaka baadaye, peke yangu. Karibu na mwanzo kuna wigi jeupe linamwangukia Dante kichwani, anajitazama kwenye kioo na kulikataa. Na mwisho wa hadithi zile nywele nyeusi zinageuka nyeupe. Walikuwa wamepanga kutupeleka kulekule tulikokuwa tunakulilia, kwa njia yao. Ningesubiri nione, ningelijua hilo.

Mwaka 2019 lilitoka Devil May Cry 5, Dante wa zamani amerudi na nywele zake. Nilidhani nitafurahi. Nilichofanya ni kutafuta namba ya Msanii. Nilipomaliza kukiri alinyamaza, kisha akasema, "Nilijua. Kandambili zako zilinuka oili wiki nzima." Tangu siku hiyo tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu. Hajawahi kunitumia mchoro wake hata mmoja, na zamani mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuiona.

Kwa hiyo wadogo zangu, cheza kwanza. Cheza kabla hujasema neno. Kisha jiulize unalia nini. Mimi nilidhani natetea nywele, kumbe natetea zile jioni za kwenye benchi, na jioni hizo hakuna aliyekuwa amezigusa. Diski ya zamani haikufutika kwa sababu ya diski mpya.

Na jua sababu. Sura ya Peter Parker ilibadilishwa kwenye toleo la PS5 la mwaka 2020. Ya kwanza ilikuwa ya John Bubniak, ya sasa ni ya Ben Jordan, na Insomniac, studio iliyolitengeneza gemu hilo, walieleza kwamba sura hiyo inalingana vizuri zaidi na uso wa Yuri Lowenthal, anayemwigiza. Hiyo ni kazi ya ufundi. Hata hivyo Bryan Intihar, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, alitumiwa vitisho kwamba atatafutwa na kupatikana. Kwa ajili ya pua na kidevu!

Mtaniambia, mbona kwa Sonic, yule nungunungu wa bluu wa gemu, kelele zilisaidia? Ni kweli. Mwaka 2019 filamu yake ilipoonyeshwa kwa kionjo watu walilalamikia yale meno, mwongozaji Jeff Fowler akakubali kumbadilisha, na filamu ikasogezwa hadi Februari 2020. Kulalamika sikukatazi. Sema meno yanatisha, sema kwa nini. Lakini studio ya Vancouver, Kanada, iliyoshiriki kumrekebisha ilifungwa Desemba 2019, kabla filamu haijatoka. Sisemi kelele ndizo zilizoifunga. Nasema wale waliotupa Sonic tuliyemtaka walikuwa watu wenye kodi ya nyumba, na sisi tulikuwa tukiwataja kama mashine. Cheza kwanza, mdogo wangu, halafu sema kama unayesema na mtu.

Kijana wa Masasi, Kiingereza cha ule ujumbe sitakirekebisha. Andika mwingine, wa Kiswahili, uniambie sura ya kwanza ilikukuta wapi, ulikuwa na nani kwa huyo jirani, na kwa nini hii mpya unaiona ya mgeni. Huo nitumie, nitaukalisha Kiingereza usiku huohuo.