Albamu ya kwanza na mwimbaji mpya

Bendi iliyokaa pamoja miaka mingi huizoea sauti ya mwimbaji wake kiasi kwamba gitaa huipisha bila kuambiwa. Kwa hiyo, mwimbaji wetu wa roki alipohamia Afrika Kusini, wengi hapa Lubumbashi walitusihi tumtafute mtu wa kufanana naye. Nawashauri wenzangu wasishike njia hiyo. AC/DC, bendi ya roki, walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott mnamo Februari 1980, na Julai mwaka huohuo wakatoa albamu na mwimbaji mpya, Brian Johnson, ambaye jina lake limo kati ya watunzi wa kila wimbo.

Sisi tulimchukua dada mmoja wa Katuba, hapahapa Lubumbashi, na kazi kubwa ikawa kuhamisha nyimbo kutoka ufunguo wa mi hadi sol ili zifuate sauti yake. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Kwenye gitaa la roki, uzito wote wa wimbo unatoka kwenye ule uzi mnene unaopigwa bila kushikwa kidole, na ukifunga kapo, yaani kibano cha kubana nyuzi zote, shingoni mwa gitaa, wimbo unabaki mwepesi. Tuliacha gitaa moja na kapo, la pili likapiga chini bila kapo, kisha mpiga besi akatunga upya sehemu yake. Yamalizeni hayo kwenye mazoezi, kwa maana studio inalipwa kwa saa.

Ngoma na besi zirekodiwe pamoja katika chumba kimoja, mwimbaji akiimba sauti ya kuwaongoza tu. Sauti yenyewe irekodiwe asubuhi, kabla baa za jirani hazijawasha muziki, na jenereta iwe mbali, kwa sababu mngurumo wake huingia kwenye mikrofoni.

Wakati wa kuchanganya sauti, mgeni asikike sawasawa na wazee. Jason Newsted aliingia bendi ya Metallica baada ya mpiga besi wao, Cliff Burton, kufariki mwaka 1986 katika ajali ya basi nchini Sweden, na katika albamu yao ya 1988 besi yake imezamishwa chini ya magitaa hata ni shida kuisikia. Kwangu mimi, huko ni kumwonea mtu.

Watunzi wa kila wimbo, pamoja na aliyeondoka, waandikwe na kutia sahihi kabla ya kuutangaza SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo. Wimbo uliotungwa na mgeni utangulie kwenye albamu. Wetu ulitangulia, ingawa mpiga ngoma hadi leo anadai ulistahili nafasi ya nne.