Kiungo wa Madaraja ya Chini Uskoti Anaishije: Jibu kwa Ndugu Zangu wa Tanga

Ndugu zangu, mmeniuliza kupitia kwa dada kama mpwa wangu, kiungo wa timu ya vijana ambaye nyote mnakubali kwamba mpira unamtii, anaweza kuja huku Uskoti, akaanzia madaraja ya chini, kisha akapanda taratibu mpaka afike Celtic kama alivyofika Victor Wanyama. Jibu langu ni hapana, na kwa kuwa hapana tupu itaonekana ni roho mbaya ya mtu aliyekwisha kuvuka na sasa anataka kuvuta ngazi, nitaeleza sababu zake moja baada ya nyingine.

Wanyama hakupita njia hiyo mnayoifikiria. Alisajiliwa na Celtic mwaka 2011 akitokea Beerschot ya Ubelgiji, akiwa tayari mchezaji wa timu ya taifa ya Kenya. Bao la kichwa alilowafunga Barcelona Novemba 2012, na uhamisho wake wa kwenda Southampton mwaka uliofuata, ni matunda ya kijana aliyeingia kwa mlango wa juu. Madaraja ya chini ya Uskoti hakuyagusa, na sababu hazihusu kipaji tu. Zinahusu pia sheria na namna soka la huku lilivyopangwa.

Ligi ya kitaifa ya Uskoti ina klabu 42 katika madaraja manne. Premiership ina timu 12, na chini yake ziko Championship, League One na League Two, kila moja ikiwa na timu 10. Chini zaidi ziko Highland League na Lowland League, ambazo tangu msimu wa 2014/15 mabingwa wao huweza kupanda kwa mechi za mchujo. East Stirlingshire ilikuwa ya kwanza kutupwa nje kwa mchujo huo, mwaka 2016, na baadaye klabu kongwe kama Cowdenbeath na Albion Rovers zikaporomoka vivyo hivyo. Kwa hiyo hata huku chini kabisa kuna kugombania roho, na kocha anayeiona timu yake ikining'inia hana subira ya kumlea kijana mgeni asiyeyajua mazingira.

Jambo linalowashangaza wengi nyumbani ni kwamba katika League Two, na kwa sehemu kubwa katika League One, mpira ni kazi ya pili. Ninafanya kazi na kiungo mmoja wa timu ya huku Angus, eneo la mashariki mwa Uskoti, ambaye jina lake nitalihifadhi. Yeye ni fundi umeme. Anaamka gizani, anashinda juu ya ngazi akivuta nyaya, na jioni za Jumanne na Alhamisi anaendesha gari moja kwa moja kutoka kazini kwenda mazoezini, akila mkate njiani. Jumamosi saa tisa alasiri anaingia uwanjani. Fedha anayolipwa na klabu, kwa maelezo yake mwenyewe, inamsaidia mafuta ya gari, likizo ya familia na vitu vya watoto. Kodi ya nyumba inalipwa na umeme. Alipowahi kuvunjika mfupa wa mguu mchezoni, hasara kubwa kwake haikuwa kukosa mechi. Alikosa kupanda ngazi, na mshahara ulioilisha nyumba yake ukapungua. Tangu siku hiyo mkewe huuliza kila mwezi wa Mei kama kweli atasaini tena.

Mwezi huo wa Mei ndio mgumu kuliko yote. Mikataba ya huku kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, mara chache miwili, na msimu ukiisha klabu hutangaza majina ya wanaobaki na wanaoachwa. Kiungo wa madaraja ya chini anaweza kuzunguka klabu sita au saba katika maisha yake ya mpira bila kuhama nyumba, kwa sababu klabu zenyewe ziko karibu karibu: leo Forfar, kesho Montrose, keshokutwa Brechin. Nafasi za vijana nazo hujazwa na watoto wa klabu kubwa wanaotolewa kwa mkopo, ambao klabu yao mama bado inawalipa sehemu ya mshahara. Mpwa wangu angekuja kushindana na hao, yaani vijana waliolelewa katika akademia tangu utotoni, wanaozungumza lafudhi ya kocha, na ambao hawamgharimu kocha huyo karatasi hata moja ya uhamiaji.

Safari nazo zina adha yake. Stranraer iko pembe ya kusini magharibi, Elgin iko kaskazini, na kati yao kuna yapata kilomita 400 za barabara. Kwa kuwa kila timu hukutana na mwenzake mara nne katika mechi 36 za msimu, wanapokuwa daraja moja kila upande husafiri hivyo mara mbili, mara nyingine kukiwa na barafu, na mara nyingine mwamuzi huukagua uwanja asubuhi na kuahirisha mechi basi likiwa limekwisha kuondoka. Wanaorudi usiku wa manane kutoka huko hawarudi hotelini. Wanarudi kwa wake zao, na wanaofanya kazi zamu ya Jumapili hulala saa chache tu.

Kuhusu uchezaji wenyewe, naomba mpwa wangu asome aya hii kwa makini. Uwanja wa Gayfield, nyumbani kwa Arbroath, umejengwa kando kabisa ya Bahari ya Kaskazini, kiasi kwamba siku za dhoruba maji huruka ukuta. Nimesimama pale mwezi wa Januari nikaona golikipa akipiga mpira mbele na upepo ukaurudisha ukatoka kwa kona. Katika hali hiyo kiungo fundi, yule wa kupokea mpira, kugeuka na kutoa pasi ya kupenya, hutazama mpira ukipita juu ya kichwa chake dakika tisini. Kazi yake inakuwa kugombea mipira ya pili inayodondoka baada ya mabeki na washambuliaji kugongana vichwa, kumkaba mtu mwenye kilo tisini, na kuamka kila anapoangushwa bila kumtazama mwamuzi. Viwanja kadhaa sasa vimewekwa nyasi bandia, na hapo mpira hutembea chini vizuri zaidi, lakini magoti ya wazee wa timu hulalamika. Nasema wazee kwa sababu si ajabu kumkuta kiungo wa miaka 35 au 36 akitawala katikati ya uwanja huku vijana wakimkimbilia pembeni. Anajua mpira utaangukia wapi, na maarifa hayo humpatia mkate wake kuliko mbio.

Msinielewe kwamba maisha hayo ni ya kusikitisha. Nina heshima kubwa nayo. Mwaka 2012 Rangers walipoanguka kifedha wakaanzishwa upya katika daraja la mwisho, mechi yao ya nyumbani dhidi ya East Stirlingshire ilitazamwa na zaidi ya watu 49,000, ilhali wageni wao walizoea watazamaji mia chache. Machi 2013 Annan Athletic, klabu ya mji mdogo karibu na mpaka wa Uingereza, waliwafunga Rangers hao 2-1 palepale Ibrox, uwanja wa Rangers wenyewe. Wachezaji wa Annan walioshinda siku hiyo Jumatatu yake walirudi makazini kama kawaida, na naamini hakuna aliyewanyima chai ya bure.

Tena kuna Arbroath ya msimu wa 2021/22, ambayo najua mtaitaja kunipinga. Chini ya kocha Dick Campbell, timu ya wachezaji wenye kazi nyingine iliongoza Championship kwa muda mrefu mbele ya klabu za wachezaji wa kudumu, ikamaliza ya pili nyuma ya Kilmarnock, kisha ikatolewa na Inverness kwa penalti katika mchujo. Kiungo wao Michael McKenna, aliyesajiliwa mwaka 2018 kutoka Berwick Rangers iliyokuwa daraja la mwisho, alichaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa Championship msimu huo. Huo ndio ukomo wa juu wa ndoto yenyewe, na mwenye ndoto hiyo alikuwa Mskoti aliyekulia katika soka la hapa, asiyehitaji kibali cha mtu yeyote. Misimu miwili baadaye Arbroath walishuka daraja, na ingawa wamepanda tena mwaka 2025, hakuna aliyewahi kusema kwamba njia hiyo ni pana.

Sasa sheria. Mchezaji wa kigeni asiye na haki ya kuishi na kufanya kazi huku anahitaji viza ya mwanamichezo wa kimataifa, na kabla ya viza hiyo anahitaji kuidhinishwa na Chama cha Soka cha Uskoti, kwa vigezo vinavyotazama mechi za timu ya taifa, kiwango cha ligi anayotoka na dakika alizocheza. Klabu nayo lazima iwe na leseni ya serikali ya kumdhamini mgeni. Klabu inayomlipa fundi umeme posho ya wiki haina fedha wala sababu ya kuanza safari hiyo kwa ajili ya kiungo asiyejulikana wa Tanga. Na kwa wale wanaofikiri atakuja kwa viza ya masomo kisha acheze jioni: viza hiyo inakataza kuwa mwanamichezo wa kulipwa, na maana ya neno hilo katika kanuni za uhamiaji inafika hadi soka la nusu kulipwa, hata kama mtu anacheza bure. Angeweza kucheza soka la ridhaa na wanafunzi wenzake, akafurahi, na hilo ni jambo jema, ila msiliite kazi. Vijana wenye asili yetu ambao nafasi hizi ziko wazi kwao ni wale waliokulia hapa, kwa mfano watoto wa familia za Wakongo waliopokewa kama wakimbizi kule Motherwell tangu 2007, ambao Kiswahili wanakizungumza na mama zao na mpira wamejifunza shuleni.

Dada aliniambia kwamba hata hivyo pesa ya Ulaya haiwezi kufanana na ya nyumbani. Katika soka la daraja hili, inafanana, na mara nyingine inazidiwa. Mchezaji wa Simba au Yanga anafanya mazoezi kila siku, ana daktari wa timu, anacheza mashindano ya Afrika mbele ya uwanja uliojaa, na halali akiwaza zamu ya kesho. Hata kiungo wa Coastal Union, pale Mkwakwani, yuko karibu na macho ya wasajili wa nje kuliko kiungo wa League Two anayetazamwa na watu mia nne na mbwa wao, maana wanaokuja huku kusaka vipaji huwa wamemfuata kijana wa mkopo ambaye tayari ni mali ya klabu kubwa. Mpwa wangu akipata namba katika Ligi Kuu, akaitwa timu ya taifa, ndipo vile vigezo nilivyovitaja vitaanza kumhusu, na wakati huo Ubelgiji huenda ikawa mlango mwepesi kuliko huku.

La mwisho ni huyo bwana anayejiita wakala, aliyewaahidi barua ya mwaliko wa majaribio kutoka klabu ya Uskoti. Tangu 2023 mawakala hutakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na mwenye leseni anaweza kutafutwa kwa jina. Muulizeni yake, mnitumie nami nitaangalia. Kijana mwenyewe hajatimiza miaka 18, na uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa umri huo umekatazwa na FIFA isipokuwa kwa sababu chache ambazo hakuna hata moja inayowahusu ninyi. Klabu ninazozijua mimi hazimtozi kijana fedha ili aje kujaribiwa. Kwa hiyo msimlipe kitu, hata cha kutanguliza, na kile kiwanja cha Pongwe ambacho nasikia mmekwisha kukipatia mnunuzi, tafadhali mwambieni mnunuzi huyo kwamba hakiuzwi.