Soketi za ailendi ya jikoni: muite fundi umeme kabla ya fundi taizi

Sisi tulihamia nyumba haijaisha vizuri, mnajua mambo ya kukimbia kodi ya pango, ila ailendi yangu ilikuwepo katikati ya jiko, kabati chini graniti juu, nimeitamani miaka. Kitu kimoja tu hakuna aliyekikumbuka: umeme. Soketi hata moja hakuna. Basi tukaanza maisha ya ekstensheni, inatoka ukutani inapita chini ya mkeka mpaka kwenye ailendi, hapo nachomeka birika, blenda, airfraya, kila kitu.

Siku hiyo nachemsha maji ya chai na chipsi ziko kwenye airfraya, mara nasikia harufu ya plastiki, kunyanyua mkeka waya haushikiki kwa moto na plagi ya ukutani imeanza kuyeyuka. Hesabu nilipigiwa baadaye na fundi: birika wati 2200, airfraya 1500, jumla 3700, gawa kwa volti 230 unapata ampea 16, na plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake 13. Fyuzi ndani ya plagi kazi yake ni kukatika mzigo ukizidi sana, tukaifungua tukakuta kuna mtu wa humu humu ndani (simtaji, nampenda) kazungushia kipande cha waya.

Fundi wa kwanza kuja akasema dada hii kazi ndogo, navuta kwenye soketi ya friji napitisha waya katikati ya taizi nafunika na grauti. Nikamshukuru nikamtoa. Wa pili ana leseni ya EWURA (mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji), na kabla ya kugusa chochote alizima meinswichi akapima na mita kuhakikisha kweli hakuna umeme. Alichofanya ni hiki: laini inayojitegemea kutoka kwenye DB (boksi la breka), waya wa milimita za mraba 2.5 (ule wa 1.5 ni wa taa jamani msikubali), breka ya ampea 20, na RCD ya miliampea 30 ambayo inakata umeme ukivujia kwenye maji au mwilini mwa mtu. Halafu akaenda nje kucheki athi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), na waya wake ulikuwa umechomoka kwenye ile nondo ya ardhini, tangu tuhamie tulikuwa tunaishi hivyo! Kama unataka jiko la umeme juu ya ailendi hiyo ni laini nyingine na waya mnene zaidi, usichanganye.

Maumivu yalikuwa sakafuni. Ilibidi tubandue mstari mzima wa taizi kupitisha paipu ya waya, na rangi ile dukani imeisha, ndo maana jiko langu lina kamstari ka rangi tofauti. Kama wewe bado hujamwaga zege laza paipu sasa hivi, laza hata mbili, moja iwe ya akiba na uache kamba ndani ya kuvutia waya. Waya usiungwe huko chini. Na paipu itokeze ndani ya kabati juu ya sakafu kama shubiri moja hivi, maana sisi tunapiga deki kwa ndoo nzima ya maji, soketi za sakafuni kwa nyumba za kwetu mimi sizitaki kabisa.

Soketi zenyewe niliweka ubavuni, chini ya graniti, mbali na sinki. Zinapendeza ila kwa mwenye watoto wadogo ningesema fikiria tena, waya wa birika unaning'inia pale pale mkono wa mtoto unapofika, anavuta maji yanamshukia. Marekani kanuni zao za umeme za 2023 zimeshaacha kuruhusu soketi mpya za ailendi chini ya usawa wa meza, sababu ni hiyo hiyo. Mimi sasa birika nalichomeka kwenye soketi ya ukutani, ailendi ni ya blenda na kuchajia simu.

Na piga picha paipu ikiwa wazi, futi kamba iwe pembeni, kabla ya kufunikwa. Mwezi uliopita fundi makabati alikuja kufunga kabati na drili yake anataka kutoboa sakafu palepale paipu inapopita, nikamwonyesha picha kwenye simu akacheka akasogea hatua mbili.