Timur alivyokalia kiti cha Marx
Kaka umeuliza kama utaifa wa Wauzbeki na Wakazaki umetengenezwa na serikali, mi naona kwa sehemu kubwa ndiyo. Cheki Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, pale katikati palikuwa na sanamu ya kichwa cha Karl Marx, baba wa ukomunisti, toka enzi za Usovieti, 1993 wakaweka sanamu ya Amir Timur, mtawala mtekaji wa karne ya 14, juu ya farasi, eti ndo shujaa wa taifa, wakati Wauzbeki wenyewe, chini ya kiongozi wao Shaybani Khan, ndo waliowafurusha wazao wake miaka ya 1500 mwanzoni (kichekesho hicho). Kazakhstan ilikuwa ngumu zaidi maana 1989 Wakazaki walikuwa kama 40% tu na Warusi wanawafuata kwa karibu, kwa hiyo rais wa wakati huo, Nazarbayev, akawa anabembeleza huku na huku, 1997 akahamisha mji mkuu toka Almaty kwenda kaskazini kwenye Warusi wengi, na jina la mji huo ndo usiseme, limebadilishwa mara kibao: Akmola, Astana, Nur-Sultan, 2022 Astana tena.