Je, wingu ni "mvuke ulioganda"?

Swali: Nahariri kijitabu cha sayansi cha watoto. Mwandishi ameandika, "Wingu ni mvuke ulioganda." Mwenzangu anataka tubadili iwe "mvuke uliopoa." Mimi nimezoea kusikia kwamba wingu ni mvuke, basi. Ipi ni sahihi?

Jibu: Hakuna hata moja ningeipitisha kama ilivyo, na nafurahi umeuliza kabla kijitabu hakijachapwa, maana mtoto akishakariri sentensi ya namna hii huwa vigumu kuing'oa.

Tuanze na kuganda. Kitu kinachoganda kilikuwa majimaji kikawa kigumu au kizito: maji huganda yakawa barafu, damu huganda juu ya jeraha, mafuta huganda yakipata baridi. Mvuke wenyewe ni gesi, si majimaji. Ukipoa vya kutosha hurudi kuwa maji, na badiliko hilo la kutoka gesi kwenda maji kwa kawaida haliitwi kuganda katika Kiswahili. Hakuna asemaye kwamba mvuke umeganda kwenye kifuniko cha sufuria. Tunasema kifuniko kimeota matone, au kinachuruzika maji. Mwandishi wako alihitaji kitenzi, akachukua kilichokuwa karibu.

Vitabu vya sayansi vina nomino mtonesho kwa badiliko hilo, na ni neno zuri, kwa kuwa tone limo ndani yake. Ila kwa watoto singetumia kitenzi chake, kutonesha. Masikioni mwa wengi kutonesha ni kugusa kidonda kikauma upya, na mtoto atabaki akijiuliza nani kaumia. "Hugeuka matone" inatosha, tena inaonyesha jambo lenyewe.

Pendekezo la mwenzako, "uliopoa," lina ukweli lakini linaishia njiani. Kupoa ni sababu, si matokeo. Mvuke unaweza kupoa kidogo na ukabaki kuwa mvuke.

Sasa neno mvuke lenyewe, ambalo ndilo kiini cha swali lako. Katika mazungumzo ya kila siku, mvuke ni ule weupe unaofuka juu ya maji yanayochemka. Katika sayansi, mvuke ni maji yaliyogeuka gesi, na gesi hiyo haionekani kabisa. Tazama birika linalochemka kwa nguvu, ila kwa mbali, maana panaunguza. Mdomoni kabisa mwa birika pana nafasi ndogo ambapo huoni kitu. Weupe unaanza mbele kidogo. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke wa wanasayansi. Weupe unaofuata ni mvuke uliokutana na hewa baridi ukageuka matone madogo mno, nao ni ndugu wa damu wa wingu. Kwa hiyo anayesema "wingu ni mvuke" hakosei kwa maana ya jikoni, lakini anakosea kwa maana ya kitabu cha sayansi. Kijitabu chako ni cha sayansi. Chagueni maana moja na muishikilie kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Huko juu mambo huenda hivi. Hewa yenye unyevu hupanda, ama kwa kupashwa joto na ardhi, ama kwa kusukumwa na mlima au na hewa nyingine. Kadiri inavyopanda, kanieneo, yaani msukumo wa hewa inayoizunguka, hupungua, nayo hutanuka, na kwa kutanuka hupoa: takribani nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilometa moja, kabla wingu halijaanza. Hufika mahali ambapo haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote. Unaozidi hutafuta pa kushika: chembe ya vumbi, ya moshi, au ya chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari. Juu ya kila chembe hujengeka tone lenye upana wa kama milimita 0.02. Matone hayo ni mepesi kiasi kwamba hewa inayopanda huyabeba bila taabu. Ili lipatikane tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2, yanahitajika maji ya matone kama milioni moja ya wingu.

Hapa siwezi kupita bila kulitaja neno ghubari. Kamusi hulipa maana mbili, wingu la mvua na vumbi lililotanda. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni vumbi. Waliolitumia huenda walitazama tu jinsi anga linavyofifia, lakini neno moja limebeba wingu pamoja na vumbi linalolisaidia kuzaliwa. Mnapopata nafasi, litieni kwenye kijitabu. Linastahili kuishi.

Kuna wingu moja ambalo mwandishi wako angeweza kulitetea. Mawingu yale membamba ya juu sana, mara nyingi zaidi ya meta 6,000, yanayofanana na nyuzi za pamba iliyochambuliwa, ni chembe za barafu. Huko kuna kuganda kweli: matone huganda, au mvuke hugeuka barafu moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Mengine ni madogo. Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Kilichomo ni kilekile, kwa hiyo msiandike kana kwamba ni kitu cha jamii nyingine. Mawingu hutanda, hukusanyika, hutawanyika. "Mawingu yamejaa" si kosa, lakini kutanda ndicho kitenzi chake hasa. Na panapohusu yaliyo juu yetu, andikeni anga. Mbingu ni wingi wa neno la zamani uwingu, kwa hiyo ni wa ukoo mmoja na wingu, lakini leo wengi wakilisikia hufikiria makao ya Mungu kwanza.

Sentensi yenu, basi, ningeiandika hivi: "Wingu ni matone madogo sana ya maji, au chembe ndogo za barafu, yanayoelea angani. Hutokea pale mvuke, ambao hatuuoni, unapopoa na kugeuka matone juu ya chembe za vumbi, moshi au chumvi." Ni ndefu kuliko ya mwandishi wako. Mkibanwa na nafasi, ondoeni moshi na chumvi, lakini maneno "ambao hatuuoni" yaacheni.